Alama za vidole: Nani anashika ufunguo wa kanzidata?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MKAZI wa Manispaa ya Bukoba au wa Wilaya ya Muleba ambaye leo ana kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha Taifa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, amekwisha kuweka vidole vyake juu ya kioo cha mashine mara tatu kwa uchache. Iwapo amechukua na pasipoti ya kielektroniki, basi ni mara nne. Vidole ni vilevile, lakini mashine, programu na kampuni zilizo nyuma yake si zilezile.

Wengi huiona hali hiyo kuwa usumbufu wa foleni tu. Ndani yake, hata hivyo, limo jambo zito linalohusu fedha za umma na haki za raia. Kampuni zinazouza teknolojia ya kutambua watu kwa maumbile yao, yaani bayometriki, hushindana vikali kupata zabuni. Baada ya zabuni kupatikana, ushindani hutegemea kitu kimoja: je, taarifa zilizokusanywa na kampuni ya kwanza zinaweza kusomwa na programu ya kampuni ya pili? Jibu likiwa hapana, mnunuzi amefungwa, na bei ya kila mkataba unaofuata itapangwa na aliyemfunga.

Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo inavyofanya kazi, kampuni zinazoiuza, viwango vilivyowekwa ili kuzuia ukiritimba, na mambo ambayo halmashauri, hospitali, shule au chama cha ushirika hapa Kagera hakina budi kuyauliza kabla ya kusaini mkataba.

Mifumo minne, wauzaji wanne

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianzishwa mwaka 2004 kwa fomu za karatasi zilizosomwa na mashine za OMR. Teknolojia hiyo haikuwa na uwezo wa kulinganisha vidole vya mamilioni ya watu ili kumbaini aliyejiandikisha mara mbili. Mwaka 2015 ndipo Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilipoingia katika mfumo wa BVR, kwa kutumia vifaa 8,000 vilivyonunuliwa kutoka kampuni ya Lithotech Exports ya Afrika Kusini. Uandikishaji ulianzia mkoani Njombe mwezi Februari mwaka huo na kuhamia mikoa mingine kwa zamu, kwa kuwa vifaa havikutosha nchi nzima kwa wakati mmoja.

Gharama ya uhaba huo ilionekana mapema. Kura ya Maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015, iliahirishwa mwanzoni mwa mwezi huo kwa sababu uandikishaji ulikuwa haujakamilika. Kura hiyo haijapigwa hadi leo.

Mfumo wa pili ni wa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoanzishwa mwaka 2008. Mkataba wake mkubwa wa teknolojia ulisainiwa Aprili 2011 na kampuni ya IRIS Corporation ya Malaysia, kwa thamani ya takriban dola za Marekani milioni 149.9. Vitambulisho vya kwanza vilizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi Februari 2013.

Mfumo wa tatu ni pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa na Rais John Magufuli Januari 31, 2018. Teknolojia yake ilitoka kwa kampuni ya HID Global.

Mfumo wa nne ni usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019 chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ukomo wake ulikuwa Desemba 31 mwaka huo, lakini Rais Magufuli, aliposajili laini yake nyumbani Chato, aliongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Muda ulipokwisha, laini zaidi ya 650,000 zilizimwa katika awamu ya kwanza pekee.

Mfumo huu wa nne una tofauti ya msingi na ile mingine. Kampuni za simu hazikujenga kila moja daftari lake la kulinganishia vidole. Wakala aliyeketi chini ya mwavuli sokoni Bukoba au katika senta ya Muleba alichukua alama ya kidole kwa skana ndogo na kuituma kwa njia ya mtandao, ikalinganishwa na ile iliyoko NIDA. Kampuni zilizokuwa zikigombania wateja zilitumia kanzidata moja, nazo ziliweza kufanya hivyo kwa sababu alama ilitumwa kwa umbo ambalo mfumo wa upande wa pili uliweza kulisoma. Hapo ndipo umuhimu wa viwango unapoonekana.

Picha na kiolezo

Ili kuelewa mgogoro wa kampuni na viwango, inafaa kwanza kutofautisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida huchanganywa: picha ya kidole na kiolezo cha kidole.

Skana hupiga picha ya mistari ya ngozi, kwa kawaida kwa ubora wa nukta 500 kwa kila inchi. Kisha programu huipitia picha hiyo na kutafuta mahali ambapo mstari unakoma au unagawanyika kuwa miwili. Kila mahali pa namna hiyo hurekodiwa pamoja na mwelekeo wake. Mkusanyiko wa nukta hizo bainifu ndio kiolezo. Mtu anaporudi siku nyingine, mashine huchukua picha mpya, hutengeneza kiolezo kipya na kukilinganisha na kile cha awali, kisha hutoa alama ya ufanano kama mwalimu asahihishaye mtihani. Alama ikivuka kiwango kilichowekwa, mtu hukubaliwa.

Kiolezo ni kitu kidogo mno. Katika muundo wa Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, kila nukta bainifu huchukua baiti sita. Kidole chenye nukta 40 kinahitaji baiti 240 pamoja na kichwa kifupi cha maelezo, yaani ukubwa wa kama ujumbe mfupi wa simu miwili. Picha ni kubwa zaidi kwa mbali. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipoanza kuhamisha kadi zake za vidole kumi kwenda katika kompyuta, kila kadi ilidai takriban megabaiti kumi. Ndiyo sababu mwaka 1993 lilipitisha mbinu ya kubana picha iitwayo WSQ, inayopunguza ukubwa kwa takriban mara 15 bila kuharibu mistari muhimu.

Kwa miaka mingi kila kampuni ilikuwa na kiolezo chake. Namna ya kuchagua nukta, taarifa za ziada zinazoongezwa na hesabu za kulinganisha vilikuwa siri ya biashara. Hilo halikuwa kosa, kwa kuwa siri hizo ndizo zilizoipa kampuni moja usahihi kuliko nyingine. Tatizo lilijitokeza pale mteja alipotaka kuhama. Kanzidata yenye violezo vya kampuni moja ilikuwa kama maktaba iliyoandikwa kwa hati ambayo mwandishi wake pekee anaijua.

Mwenye picha halisi, kwa upande mwingine, ana uhuru. Anaweza kuzikabidhi kwa programu ya kampuni yoyote, ikazipitia upya na kutengeneza violezo vyake yenyewe, bila kumwita mwananchi hata mmoja kurudi kituoni.

Vidole vya jembe na nyavu

Ubora wa picha ya mwanzo una uzito wa pekee katika mkoa kama Kagera. Mistari ya vidole huchakaa kwa kazi za mikono na kwa umri. Mkulima wa Kamachumu anayepalilia migomba na kuchuma kahawa, fundi anayefyatua matofali, na mvuvi wa Goziba au Bumbile anayevuta nyavu usiku kucha, wote huweza kufika mbele ya skana na vidole ambavyo mashine inapata taabu kuvisoma. Mwaka 2015 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tangu siku za mwanzo za uandikishaji.

Hapa pana makosa ya aina mbili. La kwanza ni mashine kumkubali asiyehusika. La pili ni kumkataa mhusika mwenyewe. Kiwango cha alama kikiwekwa juu sana, wazee na wakulima hukataliwa. Kikiwekwa chini sana, mlango hufunguliwa kwa wadanganyifu. Programu nzuri hupunguza makosa yote mawili, lakini hakuna inayoyaondoa kabisa. Kwa hiyo ni muhimu kuchukua vidole vyote kumi panapowezekana, kupima ubora wa picha palepale kituoni, na kuwa na utaratibu mwingine wa heshima kwa yule ambaye vidole vyake havisomeki.

Uzito wa kifaa nao ni suala. Katika uboreshaji wa daftari uliofikia Kagera Agosti 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitumia vifaa vipya vyenye vishikwambi. Kwa mujibu wa Tume, vifaa hivyo vilikuwa na uzito wa kilo 18 badala ya kilo 35 za vile vya awali, na programu yake ilihamishwa kutoka mfumo endeshi wa Windows kwenda Android. Kwa karani anayepanda mtumbwi kwenda visiwa vya Muleba, tofauti ya kilo 17 si ndogo.

Jambo kubwa zaidi ni hili: vifaa na mfumo endeshi vilibadilika, lakini waliokuwa wameandikishwa mwaka 2015 na 2019/20 hawakutakiwa kujiandikisha upya. Taarifa zao ziliendelea kutumika ingawa mashine zilizozichukua zilikuwa zimewekwa kando.

Kampuni nyingi, kisha chache

Soko la dunia la utambuzi wa vidole lilishikwa kwa muda mrefu na majina machache: NEC ya Japani, ambayo haina uhusiano na Tume yetu iliyokuwa ikifupishwa kwa herufi hizohizo, Sagem Morpho ya Ufaransa, na Printrak na Cogent za Marekani.

Uwezo wao ulipimwa hadharani. Kuanzia mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia pamoja na vyuo washirika kiliendesha mashindano ya programu za kulinganisha vidole, yaliyorudiwa mwaka 2002, 2004 na 2006. Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia, NIST, iliendesha mtihani mkubwa mwaka 2003 ambapo kampuni 18 ziliwasilisha mifumo 34. NEC, Sagem na Cogent ndizo zilizoongoza kwa usahihi. Mitihani hiyo ilimpa mnunuzi kitu ambacho hakuwa nacho awali, yaani kipimo kisichotoka kinywani mwa muuzaji.

Baadaye kampuni zilianza kumezana. Motorola iliinunua Printrak mwaka 2000, kisha biashara hiyo ikauzwa kwa kundi la Safran, mwenye Sagem, mwaka 2009. Mwaka 2006 Viisage na Identix za Marekani ziliungana kuwa L-1 Identity Solutions, nayo ikanunuliwa na Safran mwaka 2011. Cogent ilinunuliwa na 3M mwaka 2010, ikauzwa kwa Gemalto mwaka 2017, na Gemalto yenyewe ikaingia mikononi mwa Thales ya Ufaransa mwaka 2019. Morpho iliungana na Oberthur mwaka 2017 na kundi hilo sasa linaitwa IDEMIA.

India ilionja matokeo ya muungano wa namna hiyo. Mwaka 2010, ilipoanza mradi wake mkubwa wa Aadhaar, iliteua makundi matatu kufanya kazi ya kulinganisha vidole sambamba, moja likiongozwa na Accenture, la pili likiwa na Morpho ndani yake na la tatu la L-1. Lengo lilikuwa kazi igawanywe kwa kufuata usahihi na kasi, ili asiwepo mmoja wa kuiteka nchi. Mwaka mmoja tu baadaye, Safran ilipoinunua L-1, teknolojia ya makundi mawili kati ya matatu ikawa chini ya mmiliki mmoja. Ushindani ulioandikwa katika mkataba unaweza, basi, kupunguzwa na biashara iliyofanyika katika bara jingine.

Viwango vilivyozaliwa na ugomvi

Jitihada za kuzilazimisha programu zielewane zilianza mwaka 1998, kampuni kadhaa zilipounda muungano wa BioAPI. Kusudi lilikuwa kuwa na kiolesura kimoja cha programu, ili mwandishi wa programu ya benki au ya ofisi aweze kutumia skana yoyote bila kuandika upya kazi yake.

Mwaka 2000 Microsoft ilichagua njia yake. Iliingia makubaliano na kampuni ya I/O Software kutumia kiolesura kingine, BAPI, kwa ajili ya Windows. Kwa muda ikaonekana kana kwamba soko litagawanyika vipande viwili. Hata hivyo, toleo la 1.1 la BioAPI lilitoka mwaka 2001, likawa kiwango cha taifa cha Marekani mwaka 2002, na mwaka 2006 toleo jipya la BioAPI likaingia katika viwango vya kimataifa kwa namba ISO/IEC 19784-1.

Mwaka 2002 ISO na tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ziliunda kamati ndogo ya 37, iliyokabidhiwa bayometriki peke yake. Kamati hiyo ndiyo iliyotoa mfululizo wa ISO/IEC 19794 kuanzia mwaka 2005. Sehemu yake ya pili inaeleza kiolezo cha nukta bainifu, ya nne picha ya kidole, na ya tano picha ya uso. Kuanzia mwaka 2019 mfululizo mpya, ISO/IEC 39794, ulianza kuchukua nafasi yake. Kwa upande wa pasipoti, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina waraka wake namba 9303, unaoiwezesha pasipoti ya Tanzania kusomwa Nairobi, Muscat au London bila kujali nani aliitengeneza.

Je, kiolezo cha kiwango cha kimataifa kinafanya kazi sawa na kile cha siri cha kampuni? NIST ililichunguza swali hilo katika mtihani wa MINEX, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2006. Ilibainika kuwa violezo vya kiwango vinaweza kubadilishana kati ya kampuni na kampuni, lakini usahihi wake ulikuwa chini ya ule wa violezo vya siri. Kwa hiyo nchi inayohifadhi violezo peke yake huwa na machaguo mawili yasiyoridhisha: kupoteza sehemu ya usahihi, au kupoteza uhuru. Inayohifadhi picha katika muundo wa wazi hubaki na vyote viwili.

Uhuru huo una gharama yake ya usalama. Picha ya kidole ikiibwa haibadilishwi kama neno la siri. Wala kiolezo hakimhakikishii mtu kinga, kwa kuwa watafiti wa Bologna walionyesha mwaka 2007 kwamba picha yenye kufanana na kidole halisi inaweza kutengenezwa upya kutokana na kiolezo cha kiwango. Vyote viwili vyahitaji kufichwa kwa usimbaji, na ufunguo wake uwe mkononi mwa mwenye kanzidata.

Funzo la majirani

Nchini Kenya, Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilifuta zabuni ya BVR Julai 31, 2012 baada ya mvutano mrefu. Serikali ikageukia makubaliano na Serikali ya Kanada, na vifaa 15,000 vya Morpho vikaletwa. Watu zaidi ya milioni 14.3 waliandikishwa kwa siku 30 tu, kati ya Novemba 19 na Desemba 18, 2012.

Vifaa vya kuwatambua wapiga kura siku ya kura vilitoka kwa muuzaji mwingine, Face Technologies ya Afrika Kusini. Machi 4, 2013 vingi vilishindwa kazi vituoni, betri zikiisha na makarani wakikwama kwenye maneno ya siri, hata ikabidi kurudi kwenye daftari la karatasi. Mwaka 2017 Kenya ilikabidhi kazi yote kwa muuzaji mmoja, OT-Morpho, aliyeleta vifaa 45,000. Katika kesi ya urais ya mwaka huo, Mahakama ya Juu iliamuru seva za Tume zifunguliwe kwa ukaguzi. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na hukumu kamili ya Septemba 20, 2017 ililihesabu hilo dhidi ya Tume. Kwa uchaguzi wa 2022 kazi ilihamia kwa kampuni nyingine, Smartmatic.

Wauzaji wawili bila maandalizi walileta matatizo, na muuzaji mmoja bila uwazi akaleta mengine. Idadi ya kampuni peke yake haimlindi mnunuzi.

Uganda, ambayo mkazi wa Bukoba huifikia kwa kuvuka Mutukula, ilianza mwaka 2010 kwa mkataba na kampuni ya Mühlbauer ya Ujerumani. Uandikishaji wa watu wengi ulifanyika mwaka 2014. Kadi zilikuwa za miaka kumi, hivyo muda wake ulipokwisha ilibidi pawe na kampeni nyingine ya nchi nzima, iliyozinduliwa Mei 2025 kwa vifaa vipya vinavyochukua pia mboni za macho.

Zipo jitihada mbili za kuvunja ukiritimba wa namna hiyo. Kampuni kubwa zenyewe, kupitia muungano wao wa Secure Identity Alliance ulioundwa mwaka 2013, zilitoa violesura vya wazi viitwavyo OSIA, ili sehemu za mfumo wa kampuni moja ziweze kuunganishwa na za nyingine. Nchini India, taasisi ya IIIT ya Bangalore ilianzisha mwaka 2018 programu huria ya MOSIP, ambayo nchi yoyote inaweza kuitumia bila kulipia leseni. Ethiopia inaitumia katika kitambulisho chake cha Fayda, na Morocco pia imeichagua. Hata MOSIP, hata hivyo, haina ndani yake injini ya kulinganisha vidole. Injini hiyo bado hununuliwa kwa kampuni, ila kwa kiolesura kinachojulikana, hivyo inaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine.

Mkoa wa mpakani

Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na mipaka mingine ya majini inapita katika Ziwa Victoria. Hapa suala la nani ni raia si nadharia. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na tangu hapo karatasi na kadi zimekuwa na uzito mkubwa katika maisha ya familia za mpakani.

Lazima ieleweke kwamba alama ya kidole haitaji uraia wa mtu. Inathibitisha tu kwamba aliyesimama hapa leo ndiye aliyeandikishwa siku ile. Kama siku ile karani aliandika jina kimakosa, au aliyestahili alirudishwa nyumbani, mashine italitunza kosa hilo kwa uaminifu wote. Rekodi inayoweza kusomwa na kusahihishwa na mamlaka za nchi bila kusubiri fundi wa kampuni ya ng'ambo ni kinga kwa raia wa Missenyi au Ngara kama ilivyo kinga kwa hazina.

Sheria iliyopo

Tanzania ina zana za kisheria za kusimamia eneo hili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linaloiwakilisha nchi katika ISO. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, jukumu la kuweka viwango na miongozo ya mifumo ya TEHAMA ya umma ili isomane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za bayometriki katika kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024.

Sheria hiyo haihusu NIDA na Tume ya Uchaguzi pekee. Hospitali, shule, kiwanda au chama cha msingi kinachofunga ukutani mashine ya mahudhurio ya vidole kinakusanya taarifa nyeti za watu, na kinawajibika kwazo.

Maswali kabla ya kusaini

Kwa mnunuzi yeyote, mkubwa au mdogo, yafuatayo ni maswali ambayo muuzaji makini hashindwi kuyajibu kwa maandishi:

1. Je, mfumo unahifadhi picha za vidole, au violezo tu? Kama ni picha, ziko katika muundo gani wa wazi?

2. Je, violezo vinaweza kutolewa katika muundo wa ISO/IEC 19794-2 au mrithi wake, na ni nani aliyepima usahihi wake nje ya kampuni yenyewe?

3. Taarifa ni mali ya nani, seva ziko wapi, na ufunguo wa usimbaji uko mikononi mwa nani?

4. Mkataba ukiisha, makabidhiano ya taarifa zote yatachukua siku ngapi, na je, gharama yake imo ndani ya bei ya sasa?

5. Skana ikiharibika, je, inaweza kununuliwa ya chapa nyingine ikafanya kazi na programu ileile?

6. Mtu ambaye vidole vyake havisomeki atahudumiwa kwa utaratibu gani?

7. Kampuni ikinunuliwa na nyingine, je, masharti yote yanamfuata mmiliki mpya?

Kwa mashine ya mahudhurio ya ofisi yenye watumishi 30, kukosea ni hasara inayovumilika: vidole 30 vitachukuliwa upya kwa asubuhi moja. Kwa daftari la wapiga kura, ambalo kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2025 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37, kuanza upya ni kazi ya miezi mingi na mabilioni ya shilingi.

Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2030 sheria inataka daftari hilo liboreshwe tena. Vishikwambi vilivyofika Bukoba na Muleba mwaka 2024 huenda wakati huo vitakuwa vimechakaa, na zabuni nyingine kutangazwa. Bei ya vifaa itasomwa na wote katika ukurasa wa kwanza wa mkataba. Masharti ya picha, muundo na makabidhiano hukaa katika viambatisho vya mwisho, na huko ndiko wabunge, wakaguzi na waandishi wanakopaswa kuanzia kusoma.